Mshono wa Bosi

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu utazikuta mwishoni. Nikianza nazo nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Mwanao amemng'ata nesi. Tena si kung'ata kwa mchezo, ni kwa meno yote aliyojaliwa, mpaka yule mama wa watu akamwita mama yake mzazi mbele ya wagonjwa. Nyumbani tulitoka vizuri kabisa. Nilimvalisha gauni lake la njano, punda wake wa kuchezea akawa kwapani, na njia nzima aliimba na kuniuliza maswali. Si bure tunamwita Chiriku. Tulipofika kwenye ile korido yenye milango ya kijani ya kusukuma, wimbo ukakatika. Nesi alitaka tu kumshika mkono ampeleke kwa daktari akapimwe. Basi, vita ikaanza hapo, na mimi nilitoka na gauni langu limechanika bega.

Daktari hakukasirika, lakini alisema wazi. Vile vidole vitatu vilivyojikunja tangu birika lilipommwagikia vinaweza kunyooshwa. Atavifungua, atatoa ngozi kidogo pajani na kuibandika kiganjani. Lakini ngozi ya kubandika inataka mtoto anayetulia, kabla na baada. Akipigana na bendeji, kazi yote inaharibika, na mkono unaweza kuwa mbaya kuliko ulivyo. Yeye ni daktari wa kuzunguka. Atakuwa hapa hadi katikati ya Aprili, kisha hatarudi mpaka mwakani, na mwakani mifupa itakuwa imeshazoea kukunjwa. "Mleteni akiwa tayari," akasema. Utafikiri utayari unauzwa dukani.

Yule nesi aliyeng'atwa, wanamwita Sista Mkubwa, alitufuata mpaka getini huku mkono wake umefungwa kitambaa. Nilidhani anakuja kunigombeza, kumbe anakuja kunishauri. Eti nicheze naye hospitali nyumbani, na mgonjwa awe punda. "Mtoto hawezi kukueleza anachokiogopa," akaniambia, "lakini atamfanyia punda." Nilimwitikia kwa heshima, kwa sababu meno ya kwetu yalikuwa bado yanaonekana mkononi mwake. Ila wifi, niambie wewe: mimi fundi makochi mzima, maofisi yananingoja, nikae sakafuni nimpime homa punda wa pamba?

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji, maana najua simu huko kambini kwenu ni pambo tu. Mtoto anakula, analala, ananitawala. Salamu ndizo hizo.

Wifi yako,
Fundi


17 Februari

Wifi,

Barua yako imefika na vumbi la saruji hata ndani ya bahasha. Nimeisomea juu ya greda, injini ikiunguruma. Nikacheka kwanza, halafu nikalia, halafu msimamizi akanipigia filimbi niendelee na kazi.

Siwezi kuja. Barabara hii lazima ifike mtoni kabla mvua hazijachachamaa, na madereva wa greda tuko wawili, mwenzangu yuko kitandani na malaria. Nikiondoka sasa, kiti changu kitapata mtu kabla vumbi langu halijatua. Unajua tulivyohangaika mpaka mwanamke akakubaliwa kuipanda mashine hii. Lakini mkono wa mwanangu utafunguliwa Aprili hii. Sijui vipi, ila utafunguliwa. Mimi huku nakata mlima; siwezi kushindwa na milango ya kijani.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, kaa sakafuni. Wewe unamwona Bosi kama pamba na manyoya yaliyokwisha. Hukuwepo siku baba yake alipomtoa kwenye fungu la mitumba, hana mkia, akamweka juu ya meza na kusema: "Huyu ndiye bosi wa nyumba hii, sisi wote tunafanya kazi, yeye anakaa." Tangu siku hiyo Chiriku hajajifunza kitu bila Bosi kutangulia. Kufunga vifungo, alianza na shati la Bosi. Kuhesabu, alikuwa anamgawia Bosi maharage makavu. Hata kitanda kilipokuwa kikiloa, aliyekojoa alikuwa Bosi, na alipoacha kukojoa, Bosi ndiye aliyesifiwa. Namjua mwanangu. Sista kasema kweli.

Jambo moja tu, na hili nalisisitiza. Habari za baba yake usiziguse. Tulikubaliana: baba amesafiri kikazi. Nitamwambia mwenyewe nikirudi, nimempakata, kwa mdomo wangu. Si kwa mdomo wa mtu mwingine, hata wako wewe uliyekuwa dada yake.

Na ukizidiwa na oda zako, acha ile kauli yako ya "punda afe, mzigo ufike." Aliwahi kuniuliza kwa nini shangazi anataka Bosi afe.

Wifi yako wa kwenye greda


3 Machi

Wifi yangu,

Nimekaa sakafuni. Magoti yamenilaani, lakini nimekaa.

Meza yangu ya kukatia vitambaa sasa ni hospitali. Chini yake ndiyo ndani, na mbele yake Chiriku ametundika kipande cha kitambaa cha kochi. Nilimpa cha maua kilichobaki, akakikataa, akafukua kwenye mabaki yangu mpaka akapata cha kijani. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, nikasema mtoto ana jicho la rangi.

Bosi akalazwa juu ya mto, akasukumwa polepole hadi kwenye pazia. Chiriku akanigeukia, akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya kikubwa, "Subiri hapa, anatoka sasa hivi." Nikasubiri. Akamwingiza, akatoka mwenyewe mikono mitupu, akakaa karibu nami. Tukakaa. Nikamuuliza, "Daktari, mgonjwa wetu vipi?" Alisimama, akanishika mkono, akanitoa kwa mlango wa nyuma wa karakana. "Twende nyumbani." Nikamuuliza, na Bosi je? Akasema, "Amebaki."

Wifi, ndivyo ilivyokuwa siku ile tuliyompeleka baba yake hospitali. Maneno yale ni yetu, na aliyemtoa kwa mlango wa nyuma wa hospitali ni mimi, nikimwambia tunakwenda kununua biskuti. Tulidhani mtoto wa miaka minne haoni. Amecheza mchezo huohuo kila siku tangu hapo, na kila siku Bosi anabaki.

Juzi akaongeza. Nilikuwa nje napokea sponji, niliporudi nikamkuta chini ya meza na mkasi wangu mkubwa, mguu wa mbele wa Bosi umepasuliwa kuanzia kwato hadi bega, pamba iko sakafuni. "Natafuta ugonjwa," akaniambia. Nilifoka, sikufichi. Mkasi ule unakata ngozi ya kochi. Alinitazama tu, akatoka nje.

Baadaye moyo ukaniuma, nikaamua kumfurahisha. Nikamchukua Bosi, nikampa pamba mpya, nikamshona kwa ule mshono wangu wa ndani, ule ambao wateja wakipitisha kidole hawajui kitambaa kimeunganishwa wapi. Nimefanya kazi hii tangu wewe hujaolewa, na sijawahi kushona vizuri kama nilivyomshona yule punda. Hata manyoya niliyalaza yakafunika. Nikamwita Chiriku, nikamwonyesha: "Haya, Bosi amepona."

Akamgeuza mguu. Akamgeuza tena. Kisha akamtupa, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. "Huyu si Bosi! Mmeleta mwingine!" Tangu hapo hamgusi. Bosi amekaa juu ya kabati kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Ndipo nilipoamini kwamba fadhila za punda ni mateke, ingawa safari hii aliyenipiga si punda.

Sielewi nimekosea wapi. Ila kuhusu baba yake naelewa, na nakuomba ruhusa: tumwambie. Anajua kuna kitu, anakitafuta kwa mkasi.

Fundi


14 Machi

Wifi,

Hapana.

Nimekaa na barua yako siku nzima nikijaribu kupata jibu jingine na sijalipata. Mtoto wa miaka sita hawezi kubeba jeneza, na aliyefiwa na mume ni mimi, na anayejua namna ya kulisema jambo hili ni mimi. Kwa sasa nataka aingie pale apasuliwe. Tukimwambia baba aliingia hospitali akafa, nani atamwingiza kwenye ile milango? Fikiria, wifi. Fikiria kidogo.

Kuhusu punda, mpe muda. Mwambie ni yuleyule, atamzoea. Na mkasi ufungie.

Mwenzangu bado anaumwa. Nafanya zamu zake na zangu. Mlima umebaki kidogo.

Mimi


22 Machi

Wifi yangu,

Katazo lako nimelisoma na nimelitii. Sikumwambia neno. Sasa sikiliza kilichotokea nikiwa nimenyamaza, na usinipigie filimbi kabla sijamaliza.

Nilimshusha Bosi kwenye kabati, nikakaa naye chini, nikamwita mtoto. Nikamwambia kama ulivyoniagiza, "Huyu ni Bosi yuleyule." Akatikisa kichwa. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, amejuaje si yeye. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga, akashika ule mguu.

"Bosi alifunguliwa hapa," akasema. "Mimi ndiye niliyemfungua. Huyu hana mahali."

"Hana mahali gani?"

"Mahali alipofunguliwa! Kama hapaonekani, basi hakuingia. Na kama hakuingia, hajatoka. Bosi bado yuko kule ndani." Halafu akaongeza, bila hata kulia, huku anachezea uzi sakafuni: "Kama baba. Mlisema anatoka sasa hivi."

Nikanyamaza. Ulitaka ninyamaze, nikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mchungu kuliko shubiri. Nilitamani nimkumbatie, nikaogopa hata hilo, kwa kuwa angejua.

Basi nikachukua kichokoleo na kufumua kazi yangu nzuri kuliko zote, mshono kwa mshono, yeye akiangalia. Nikamwambia achague uzi. Akachagua mwekundu, ule mnene wa kushonea magodoro. Akataka niweke mishono mipana, kila mmoja uonekane, na mwishoni fundo kubwa nje. Wifi, ni kazi mbovu! Mwanafunzi wangu angeniletea kitu kama kile ningemfukuza. Kila nilipochoma sindano yeye alimwambia Bosi, "Tulia, inauma kidogo, usipotulia itabidi tuanze upya." Bosi alitulia. Nami nikamwambia Bosi mengine niliyoyasikia kwa daktari, kwamba atavutishwa dawa kwa kifuniko cha puani na hatasikia mkasi, kwamba akiamka mguu utauma na utakuwa mzito kwa bendeji. Chiriku alikuwa ananisikiliza kuliko Bosi.

Tukamwingiza nyuma ya pazia. Na safari hii, wifi, pazia likafunguka. Bosi akatoka juu ya mto, akapitishwa kwa mlango wa mbele. Chiriku akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu toka mwanzo hadi kwenye fundo. "Ametoka," akasema. "Ni yeye." Akamlalia.

Nimekaa nikifikiri. Nilijivunia mshono usioonekana maisha yangu yote, na kumbe kwa mtoto huyu kilichofichwa hakikuponywa, kimeibwa. Sisi wawili tumemshonea kifo cha baba yake kwa mshono uleule. Tumelaza manyoya juu yake. Hataingia kwenye ile milango, hata kwa dawa, mpaka ajue aliyeingia kabla yake alikwenda wapi. Unasema ni wewe uliyefiwa. Ni kweli. Nami nilifiwa na mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Lakini aliyeachwa mlangoni akiambiwa asubiri ni yeye.

Sitamwambia bila wewe. Ila sikuachii. Niletee maneno yako na lori lijalo, maana daktari anafunga orodha yake wiki ya kwanza ya Aprili.

Fundi


30 Machi

Wifi,

Nilikasirika hadi nikazima greda katikati ya barabara. Msimamizi akaja, akaniona, akarudi zake.

Umeniambia kweli na sitaki kukushukuru bado. Nilikuwa nasema namkinga mtoto. Nilikuwa najikinga mimi. Maadamu hajaambiwa, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake mume wangu bado yuko safarini, na nilimpenda mtu huyo kwa hilo.

Nimejaribu kumwandikia Chiriku, kalamu imekataa. Nikajaribu kumwandikia Bosi, ikakubali. Barua iko humu ndani. Msomee Bosi mchana, mtoto akiwa ameshiba. Usiruke neno.

Mimi


Kwa Bosi, nyumbani kwa Shangazi

Bosi wangu,

Nasikia umepasuliwa na umetoka. Hongera. Nasikia pia una mshono mwekundu ambao kila mtu anauona. Usiuonee haya.

Nina jambo la kukueleza, umsaidie Chiriku kulibeba, maana wewe ni punda na kubeba unajua. Baba wa Chiriku hakusafiri. Tulisema amesafiri, na haikuwa kweli. Alikuwa na ugonjwa mkubwa tumboni, akauficha kwa muda mrefu kwa sababu hakupenda kutusumbua. Siku tuliyompeleka hospitali alikuwa amechelewa sana. Aliingia kwenye milango ya kijani, na kabla madaktari hawajamfungua, moyo wake ukasimama. Hawakuwahi kumfungua wala kumshona. Alikufa. Mtu aliyekufa harudi, Bosi, hata akisubiriwa vizuri. Chiriku alisubiri vizuri sana. Si kosa lake.

Tulimtoa kwa mlango wa nyuma kwa sababu sisi wakubwa tuliogopa. Hilo mwambie ni letu.

Mkono wa Chiriku hauna ugonjwa wa baba. Una kovu linalovuta vidole, basi. Sitakuahidi hautauma, utauma. Lakini daktari anasema watoto wengi wameingia na mikono kama wake na wametoka. Shangazi atasimama mlangoni, ule wa mbele. Hatakwenda popote.

Baba alikununua mwenyewe, kwa mkono wake, hata mkia huna. Alikucheka sana. Kama Chiriku atataka kulia, mpe shingo yako.

Mama


5 Aprili

Kwa Mama

Mimi ni Bosi. Anayeandika ni Shangazi kwa sababu mimi nina kwato na Chiriku bado mkono haujafunguliwa.

Barua tumesoma. Shangazi alilia, mimi sikulia. Chiriku alilia halafu akaacha halafu akala ndizi halafu akalia tena kidogo. Shingo yangu imeloa.

Chiriku anasema alijua. Anasema alijua kwa sababu mtu akisafiri anachukua viatu, na viatu vya baba viko chini ya kitanda. Alikuwa anangoja mseme.

Chiriku anauliza maswali. Baba alikuwa peke yake au kulikuwa na daktari? Shangazi amesema kulikuwa na madaktari na mmoja alimshika mkono. Chiriku anauliza alimshika upi. Shangazi hajui. Wewe unajua?

Kwa hiyo baba hakushonwa. Sasa tumeelewa.

Mimi nimemwambia Chiriku dawa ya puani inanuka lakini unaivuta tu. Anasema ataivuta kama Shangazi hatatoka mlangoni hata kwenda chooni. Shangazi anasema hata bomba lipasuke hatoki.

Kesho tunakwenda kwa Sista tumwombe radhi kwa kumng'ata. Nitaomba mimi kwanza.

Bosi


19 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Leo naanza na salamu, tena nyingi. Mkono umefunguliwa!

Sasa nikusimulie, maana najua unataka kila kitu. Tulifika kwenye ile korido. Wimbo ukakatika palepale ulipokatika mara ya kwanza, na mimi nikajua kama ni kushindwa tunashindwa hapa. Akasimama. Sista Mkubwa naye akasimama, mikono nyuma, hakumgusa. Tukangoja. Daktari mwenyewe akatokea, amevaa kofia yake, akachuchumaa. Chiriku akamwonyesha mguu wa Bosi.

"Wewe unashona kwa uzi wa rangi gani?"

Daktari akautazama mshono wangu kwa muda, mimi nikitamani ardhi inimeze, akasema, "Mweusi. Mwekundu sina."

"Unaonekana?"

"Unaonekana sana. Hata mama yako atauona."

Chiriku akanigeukia. "Subiri hapa," akasema. Akashika kidole cha Sista, akaisukuma milango kwa bega lake mwenyewe. Bosi wakamvisha kofia ya karatasi, naye akaingia.

Nikasimama. Mfagizi akaniambia nikangoje wodini kuna viti. Nikamwambia hapana. Mlinzi akaja, nikamwambia hapana. Akaleta mkubwa wake, nikamweleza kwamba nimemwambia mtoto atanikuta hapa, na atanikuta hapa, na wakitaka kunihamisha walete winchi. Wakaniletea stuli. Wifi, najua unanicheka kuwa ni mkali. Siku hiyo nilikuwa na hofu tupu. Niliitazama ile milango kama nilivyoitazama siku ya mdogo wangu, rangi ni ileile, wala hawajaipaka upya. Kisha ikafunguka. Kitanda kikatoka, na yeye juu yake, na punda kichwani pake. Nililia hadi mlinzi akanipa leso yake.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa siku ya kufungua bendeji. Sista alinitahadharisha kuwa hapo ndipo watoto wengi wanapigana, na ngozi ikichubuka ndiyo basi. Chiriku akamweka Bosi kifuani, mkono wa kushoto ukashika ule uzi mwekundu, akawa anamwambia taratibu, "Tulia, inauma kidogo, usipotulia itabidi tuanze upya." Machozi yalimtoka na mkono haukutikisika. Bendeji ya mwisho ilipotoka akachungulia. Kiganja kimevimba, kina rangi mbili, mishono myeusi imezunguka kama ya kochi la bei rahisi. Vidole vimelala wazi. Akavitazama vyote, akatazama mishono kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Ni mimi," akasema.

Ngozi imeshika, wifi. Daktari ameondoka ameridhika. Kazi iliyobaki ni mazoezi: kufumba, kufumbua, kila siku, kwa miezi. Inamuuma na anachukia, kwa hiyo Bosi ndiye anayefundishwa, na kwa vile hana vidole, Chiriku anamkamua sikio kumwonyesha namna. Sikio litang'oka. Nitalishona kwa uzi mwekundu.

Kitanda cha pili kuna msichana mdogo anayetibiwa mguu, alikuwa akiona koti jeupe anaingia chini ya godoro. Jana Chiriku alimpelekea Bosi mwenyewe, bila kuombwa. "Alifunguliwa hapa," akamwambia. "Kama huamini, shika." Sista ameniagiza nishone mnyama mmoja wa kukaa wodini. Nimemshonea twiga, nikampasua, nikamshona vibaya. Nimeanza kuwa hodari wa kushona vibaya.

Kuna jambo moja. Anasema baba angeshonwa angetoka. Nimemwambia ukweli ni kwamba wengine hushonwa na bado hawatoki, ila wengi hutoka. Akafikiri, akasema, "Lakini mimi nimetoka." Nikamwambia ndiyo, wewe umetoka. Mengine utamweleza mwenyewe, ukiwa umempakata kama ulivyotaka.

Fundi


4 Mei

Wifi yangu, dada yangu,

Sasa nakushukuru. Nilisoma barua yako kwa sauti kambini mbele ya wachimbaji wote, na nilipofika kwenye stuli wakapiga makofi.

Barabara imefika mtoni. Jumatano nilisawazisha kipande cha mwisho, mvua ikaanza nikiwa nashuka kwenye greda. Wamenipa likizo na kiti changu kinaningoja. Lori la saruji linarudi tupu wiki ijayo, nitakuwa ndani yake. Usimwambie Chiriku. Nataka niingie kwa mlango wa karakana, polepole, nimfumbe macho kwa nyuma, nisikie atakavyoshtuka.

Aliyemshika mkono baba yake ni daktari mwanamke. Aliniambia mwenyewe. Ulikuwa mkono wa kulia.

Wifi yako


9 Mei

Mama,

Shangazi amenisomea barua yako yote. Amesema katika nyumba hii siri zimekwisha, hata za kufurahisha.

Mkono wa kulia ni kama wangu.

Usiingie kwa mlango wa nyuma. Usinifumbe macho. Mwambie dereva apige honi tangu kwenye kona, apige tena na tena. Mimi na Bosi tutakaa mlangoni mbele na Shangazi, hatuondoki. Tunataka kukuona ukitoka kwenye lori, mguu, halafu mguu mwingine, halafu wote.

Baba najua hatoki. Bosi nimemwambia na ameelewa. Lakini wewe unatoka.

Hapa chini Shangazi ameacha kuandika. Nimeandika mimi, kwa mkono ule. Hakunishika.

BOSI
CHIRIKU